Jua Nililomnyima Binti Yangu

Alhamisi, katikati ya kaskazi. Joto la leo halina adabu. Umeme umekatika tangu adhuhuri, simu imebaki na nusu ya chaji, nami nimeketi sakafuni nimeegemea ukuta kwa sababu ndio kitu pekee chenye ubaridi humu ndani.

Leo nimemtoa mwanangu nje, juani.

Ukisoma hivyo utaona si kitu. Watoto wa Kismayo wako juani tangu wanapofuta tongo mpaka mama zao wapige kelele za kuwaita wakaoge. Lakini wangu ana miaka miwili na miezi minne, na leo ndiyo mara yake ya kwanza. Naomba nisihukumiwe kabla sijamaliza. Au nihukumiwe tu, maana mwenyewe nimejihukumu wiki nzima na sijafa.

Jina lake la kweli sitaliandika hapa. Nyumbani tunamwita Kizee. Ni jina la kumpoteza mwenye kijicho: akisikia Kizee anaitwa, adhani ni ajuza amelala kitandani anangoja uji, apite zake. Nililitoa mimi mwenyewe akiwa na siku saba. Mume wangu alicheka. Mavyaa, yaani mama yake mume wangu, hakucheka. Alisema nimefanya vyema.

Kabla ya Kizee niliwazika wawili. Wa kwanza alitoka kimya, hakulia hata mara moja. Wa pili alikuwa mvulana, akafika miezi saba, mnene, mashavu yamejaa, akaketi kabla ya wenzake wote. Siku moja arusini jirani yetu wa mlango wa tatu alimchukua mikononi mwangu, akambusu mapajani, akasema kwa sauti, "Haya mapaja haya! Huyu mwamlisha nini?" Nikangoja aseme mashaallah. Hakusema. Siku ya tatu mtoto akashikwa na homa, siku ya tano tukamzika.

Sijui kama ni yeye. Naandika haya mchana kweupe, kichwa kimetulia, na bado sijui. Lakini sijampa salamu tangu siku ile, na mdomo wangu haujui kufunga. Nilisema kisimani kwamba ana jicho, nilisema msibani, nilisema mpaka wanawake wakaanza kuwafunika watoto wao akipita.

Basi Kizee alipozaliwa niliapa. Huyu hataonekana.

Nyumba yetu ina ua mdogo. Nilimwambia mume wangu auezeke wote, naye akauezeka, nusu mabati, nusu turubai la buluu. Juu ya ukuta nikatundika magunia ili wale wa ghorofa ya nyumba ya mbele wasichungulie. Chanjo zote Kizee alikwenda nimemfumbata ndani ya buibui langu, na ndani ya buibui akarudi. Wageni wakija nilimfungia chumbani na redio. Mchana mwanga wa humu uani ulikuwa buluu, sufuria za buluu, mkeka wa buluu, hata uso wa mtoto wa buluu. Nilizoea. Niliona tuko salama.

Chakula chake? Ziwa langu. Na anjera, chapati laini ya Kisomali, iliyorowekwa kwenye chai ya rangi. Samaki nilimnyima kwa kuogopa miba, maziwa ya dukani nilisema yanaharibu tumbo. Kila kitu nilikuwa na sababu yake, tena sababu nzuri, na niliitoa kwa sauti ya juu.

Meno yalichelewa. Nikasema hata baba yake yalichelewa. Utosi wake ulikuwa bado unadunda amepita mwaka na nusu. Nikimpaka mafuta kichwani nilikuwa nausikia chini ya kidole, na niliupenda ule mdundo, wallahi. Nilidhani ni uhai wake unaniamkia. Alichelewa kutembea, nikasema ni mtoto mzito. Alipotembea alitembea akiyumba huku na huku, bata mtupu, nasi tukacheka, tukampigia makofi.

Siku moja mavyaa hakupiga makofi.

Alikuwa mkekani anachagua mchele. Akamtazama Kizee akivuka ua, akauweka ungo chini.

"Mwana ana matege," alisema.

"Hana."

"Mkamwana, mimi nina macho. Magoti yale hayajuani."

Nilikasirika. Nilimjibu maneno ambayo mkamwana hamjibu mavyaa wake, na sitayaandika, yatosha kwamba malaika wameyaandika. Kisha nikamchukua Kizee chumbani, nikamvua nguo, nikamsimamisha mbele yangu. Nyayo zimegusana, magoti yamekwenda kila moja na njia yake. Vifundo vya mikono ni vinene kama amevaa bangili chini ya ngozi. Vyote hivyo nilikuwa nikivikogesha kila siku, na nilijitia hamnazo.

Mavyaa anaijua dawa ya matege. Mama wa visiwani wanaijua. Mtoto anachimbiwa shimo ufuoni, anasimamishwa ndani, mchanga unarudishwa na kushindiliwa kwa mikono mpaka kiunoni ili miguu ibanwe imenyooka. Anaachwa humo huku mama anasoma alichojaliwa kukijua. Ijumaa saba. Na wakati wake ni wanaume wakiwa msikitini kwa sala ya Ijumaa, jua liko juu ya utosi na ufuo hauna mchu. Hivyo ndivyo asemavyo yeye, mchu badala ya mtu, maana mavyaa ni wa kisiwa cha Chovai na ulimi wake haujahamia mjini.

Mimi nilisomea Mombasa, enzi zile tulipokuwa wakimbizi, na darasa la nane nililimaliza. Nilimcheka. Kisha nikakubali, kwa sababu nilikuwa naogopa na sikuwa na lingine. Ila nilitia sharti langu. Adhuhuri hapana. Wanaume wako msikitini, sawa, na wanawake je? Wanawake ndio wenye macho. Tutakwenda alfajiri, kabla mtu hajauona uso wa mwenziwe.

Mavyaa alisita. "Wakati wake ni adhuhuri," alisema.

"Mama, mchanga ni ule ule."

Nilisema hivyo. Mchanga ni ule ule.

Basi tulikwenda Ijumaa saba, mimi na mavyaa, Kizee ndani ya buibui. Mchanga wa alfajiri ni baridi, unyevu wa usiku umeulowesha. Tulichimba kwa bakuli. Kizee alilia tangu Ijumaa ya kwanza mpaka ya nne, ya tano akanyamaza, akawa ananitazama tu, kiwiliwili nje na miguu ndani ya ardhi, midomo inamtetemeka. Anga likianza kupata wekundu nilikuwa wa kwanza kusema, "Haya, tosha, tumfukue twende." Mavyaa alikuwa anasema tungoje kidogo. Sikungoja hata siku moja. Tulikuwa tunaingia nyumbani jua ndiyo kwanza linachomoza, nami nafunga komeo na kushusha pumzi.

Ijumaa ya saba tulimfukua, tukampangusa, tukamsimamisha uani. Miguu ilikuwa vile vile. Kama si zaidi.

Aliyesema hospitali ni mume wangu, mtu wa maneno matatu kwa siku. Ni fundi wa mashua, anaziba nyufa za mbao kwa pamba na mafuta, na kazi hiyo imemfundisha kupapasa mbao na kujua ilipo kasoro. Usoni hasomeki. Alimketisha Kizee pajani, akamshika vifundo vya mikono, akavizungusha taratibu kwa vidole vyake vyenye sugu. Akasema, "Vimevimba. Kesho hospitali." Hayo ndiyo maneno yake matatu ya siku hiyo.

Daktari alikuwa mwanamke, Msomali, miwani mikubwa na sauti ndogo. Alimpapasa Kizee kichwa, mbavu, vifundo, magoti. Akampiga picha ya mifupa. Tulipoitwa tena ndani aliuliza kwanza, kwa Kisomali, kwa upole kabisa, "Walaal, dada yangu, mtoto hutoka nje?"

"Hutoka," nilisema.

Nilisema uongo mbele ya mume wangu na mbele ya mama yake, na ulinitoka bila kukwama hata kidogo. Mume wangu akatazama sakafu. Mavyaa, ambaye Kisomali chake ni cha sokoni lakini kinamfikisha, akasema, "Hutoka Ijumaa. Twamfukia mchangani."

Daktari akaweka kalamu chini. Nilitamani ardhi ipasuke niingie. Nilijua sasa atatuita washamba, atatuuliza tunaishi zama gani. Hakuuliza hayo. Aliuliza, "Saa ngapi?"

Mavyaa alikuwa na jibu lakini hakulitoa, aliniachia mimi.

"Alfajiri," nilisema. "Kabla ya jua." Na hapo nikaropoka yote, turubai, magunia, buibui, redio, ziwa, chai ya rangi. Nilisema huku nalia, na nikilia kwa Kisomali huwa nachanganya na Kiswahili, sijui alielewa kiasi gani. Alielewa cha kutosha.

"Na wazee wenu," aliuliza, "wao walikuwa wakiwafukia watoto saa ngapi?"

"Adhuhuri," alisema mavyaa. Hakunitazama.

"Basi mchanga haukuwa dawa. *Qorrax*, jua, ndilo lililokuwa dawa. Nyinyi mmechukua mchanga mkaiacha dawa."

Laiti angenigombeza! Mtu akinigombeza najua la kufanya. Hakunigombeza. Aligeuza picha kwenye mwanga akanionyesha. Ncha ya mfupa mzima, alisema, huonekana imekatika safi kama kwa msumeno. Ncha za mifupa ya Kizee zilikuwa nyuzi nyuzi, zimechanua, mfano wa mswaki wa mti uliotafunwa asubuhi nzima.

Kisha akanieleza jinsi mfupa unavyofanyika, na tangu siku ile sijafikiri jambo lingine.

Mfupa hauanzi ukiwa mfupa. Mifupa mingi, na yote mirefu ya mikono na miguu, huanza tumboni mwa mama ikiwa gegedu, kitu kile kile unachokishika ukilikunja sikio lako. Umbo lote lipo, paja, muundi, vidole, ila ni laini. Halafu chembe hai zisizoonekana kwa macho huingia zikaila ile gegedu kidogo kidogo, nyingine zinakuja nyuma yao zikitandaza utando mpya, na chokaa inayotembea kwenye damu inatua juu ya ule utando, inajipanga, inaganda. Hapo ndipo panakuwa mfupa. Kwenye ncha, karibu na magoti na vifundo, kazi hii haikomi mpaka mtoto amalize kurefuka. Gegedu mpya inaota mbele, chokaa inafuata nyuma.

Chokaa hiyo inatoka kwenye chakula. Lakini haipiti utumboni kuingia damuni hivi hivi. Kuna kitu mwilini cha kuivuta, na kitu hicho hutengenezwa na ngozi pale jua linapoigusa. Ngozi tupu. Si chini ya nguo, si chini ya turubai. Ziwa la mama linacho kidogo mno, na mama mwenyewe akiwa haoni jua ndiyo halinacho kabisa. Jua likikosekana gegedu inaendelea kuota, laini vile vile, na chokaa haiji. Mtoto anasimama, uzito unashuka, mguu unapinda.

"Mtoto wako hana ugonjwa wa miguu," alisema daktari. "Ana njaa ya chokaa."

Masikio yaliniwaka. Mimi? Mimi ni mtoto wa mchoma chokaa!

Marehemu baba alichoma chokaa kisiwani Kudhaa maisha yake yote, isipokuwa miaka ya ukimbizi. Alipanga magogo ya mikoko duara kwa duara, juu yake mawe ya matumbawe, akawasha moto, nao ukanguruma siku nzima. Mawe yakishaiva huyatambui, meupe, mepesi, ukiyanyunyizia maji yanachemka yenyewe bila moto. Kisha yalifukiwa shimoni yakae miezi. Fundi mwenye haraka aliyekuja kuomba chokaa kabla ya wakati wake alifukuzwa kwa matusi. Nimekua nywele nyeupe za vumbi, kope nyeupe, watoto wenzangu wakiniita mzuka. Chokaa nimeikanyaga, nimeimeza, imenichoma vidole nikiwa na miaka sita na alama ninayo mpaka leo. Na mjukuu wa mtu huyo amekosa chokaa ndani ya miguu yake.

Njiani kurudi nilimweleza mume wangu kwa namna nilivyoelewa. Nguzo zimesimamishwa, fito zimefungwa, nyumba ina umbo lake lote, ila fundi wa kupaka chokaa hajaja. Yuko mlangoni anabisha tangu miaka miwili iliyopita, na aliyeshikilia komeo ni mimi. Mume wangu alimhamisha Kizee, aliyefunikwa leso gubigubi, bega la pili, akaniacha nitembee mbele ili nilie peke yangu.

Daktari alitupa chupa ya matone. Akasema mayai, maziwa, dagaa wa kutafunwa na miba yao. Akasema jua kila siku, mikono na miguu wazi, aanze na robo saa. Mfupa hauketi, alisema; hata wangu mimi mtu mzima unabomolewa na kujengwa upya bila mimi kujua, na wa mtoto hujengwa haraka zaidi. Kwa umri wake, chokaa ikiingia, mguu unaweza kujinyoosha wenyewe kadiri anavyokua. Turudi baada ya miezi mitatu apige picha nyingine. Tukichelewa mpaka mfupa ugande ukiwa umepinda, basi itakuwa ni kuukata na kuunyoosha, na kazi hiyo haifanyiki hapa.

Hiyo ilikuwa Ijumaa iliyopita. Leo ni Alhamisi.

Matone nilimpa tangu jioni ile ile. Dagaa anakula, tena kwa pupa, anatafuna vichwa. Mayai nayo. Kila alichosema daktari nilikifanya isipokuwa kile kimoja. Jumamosi nilisema kuna vumbi. Jumapili nilisema ana mafua. Jumatatu sikusema kitu, nilifunga tu komeo nikafua nguo zilizo safi. Nilikuwa nimeelewa yote, gegedu, chokaa, ngozi, ningeweza kumfundisha mtu. Na mkono ulikuwa unakataa kufungua mlango. Kila nikimwona Kizee nje akilini mwangu namwona amebebwa na mtu, anabusiwa mapajani.

Jumanne mume wangu alipanda ngazi aanze kulitoa turubai. Nilipiga ukelele ambao nadhani ulisikika bandarini. Akashuka, akaweka nyundo mahali pake, akaenda kazini.

Jana mavyaa alikuja akaketi karibu nami, hakuchagua mchele, hakushika tasbihi, mikono mitupu.

"Mwanangu," alisema. Huniita mkamwana siku zote. "Mimi nilikusifu ulipomficha. Nami nimezika watano, wajua. Wote nilisema ni jicho, kwa kuwa jicho nalijua na mengine siyajui. Huyu hatujamzika. Huyu yu hai, nasi twampinda kwa mikono yetu."

Hakungoja jibu. Aliinuka kwa shida, akashika goti, akaenda kusali.

Sikulala vizuri.

Basi leo saa tatu asubuhi nilimvika Kizee kigauni kisicho na mikono, miguu wazi mpaka mapajani. Nilimshika mkono. Si ndani ya buibui, mkono. Mavyaa alitangulia. Kutoka mlangoni kwetu mpaka ufuoni ni hatua labda mia mbili, na sijapata kutembea safari ndefu kama hiyo, hata ile ya kukimbilia Mombasa nikiwa mtoto wa miaka saba. Kizee alifumba macho kwa mwanga, akawa anatembea amefumba, ananishika kidole kwa nguvu zake zote. Akiyumba. Watu walitazama. Walitazama uso, kisha wakateremka mpaka miguuni, wakatua hapo.

Ufuoni wanawake walikuwa wanapara samaki. Wengine walisema mashaallah, mmoja akasema, "Kumbe una mtoto mkubwa hivi!" na hakuna aliyesema matege. Na kati yao alikuwako yule jirani wa mlango wa tatu.

Aliniona. Akamwona mtoto. Nikasimama. Naye akashika ncha ya leso yake akajifunika uso wote, macho na yote, akageuka akatuelekezea mgongo, kisu cha kuparia bado mkononi, mpaka tulipopita. Alifanya haraka, kama mtu aliyezoea. Ndipo nilipojua kwamba miaka hii yote anafanya hivyo kwa kila mtoto, kwa sababu ya mdomo wangu.

Sikumwita. Ilinipasa kumwita nisimwite. Naliandika ili nisije kesho nikajidanganya kwamba nilimwita hakusikia.

Tulikwenda mbele kidogo, penye mchanga mkavu. Nikaachia mkono wa Kizee ili asimame mwenyewe, robo saa kama tulivyoambiwa. Akafumbua macho taratibu. Akatazama maji, akatazama kunguru. Kisha akatazama chini.

Akapiga ukelele.

Akaunyanyua mguu mmoja kama aliyekanyaga kaa la moto, akaurudisha, akaunyanyua mwingine. "Mama! Kimenishika! Kimenishika miguu!" Nikaruka nikidhani ni kaa wa pwani, nikapekua mchanga, sikuona kitu. Naye akizidi kulia anakimbia anaanguka, anageuka kutazama nyuma kama bado kinamfuata. Mavyaa ndiye aliyeelewa kwanza. Akaweka mkono kinywani.

Ni kivuli chake.

Chumbani tuna taa, vivuli vya ukutani amewahi kuviona, vikubwa, havina sura. Lakini kitu cheusi kimelala mchangani, kimemshika nyayo, kikimbia akikimbia, hajapata kukiona. Amekaa duniani miaka miwili na miezi minne na hajui kwamba ana kivuli. Nimesema nimejihukumu wiki nzima. Uongo. Nilijihukumu pale, nimepiga magoti mchangani na mwanangu amejificha kifuani mwangu kwa kuogopa umbo lake mwenyewe.

Nilimwambia, "Ni wewe." Hakuamini. Nikainua mkono wangu, kivuli changu kikainua. Mavyaa akainua wake, mzee wa watu, akapunga kama anaaga chombo. Kizee akatazama kwa jicho moja. Muda ukapita. Akatoa mkono, kidogo tu, vidole viwili. Kule chini vikatokea vidole viwili.

Akasimama.

Nami nikakitazama kivuli kile kwa kuwa sikuweza kumtazama yeye. Kichwa, kigauni, na chini ya kigauni miguu miwili iliyoachana katikati. Hapo katikati jua lilikuwa linapenya na kuwaka juu ya mchanga, doa refu la mwanga limezungukwa na miguu ya mwanangu. Nikaingiza vidole vyangu kwenye lile doa nilipime. Viliingia vinne.

Kesho saa tatu, ufuo ukiwa mtupu au umejaa watu, nitapiga magoti pale pale nipime tena, na kesho kutwa, na baada yake, mpaka siku nitakayotafuta pa kutia kidole nikakosa.